Asali Midomoni mwa Mungu wa Jiko

Tarehe 23 ya mwezi wa kumi na mbili kwa kalenda ya mwezi ya Kichina, au tarehe 24 katika baadhi ya mikoa ya kusini, ni siku ya kumuaga mungu wa jiko. Mwaka mzima picha yake ya karatasi imebandikwa ukutani juu ya jiko, naye ametulia pale akiona kila kitu: nani kamnyima mwenzake chakula, nani kamjibu vibaya mama mkwe, nani kamwaga nafaka bila kujali. Siku hiyo anapanda mbinguni kumpelekea taarifa Mfalme wa Jade, mkuu wa miungu katika imani ya watu wa kawaida. Kabla ya kuichoma picha ili moshi umpandishe, wenye nyumba humpaka asali au sukari ya kunata mdomoni. Kuna wanaosema ni ili akifika huko aseme matamu tu. Kuna wanaosema ni ili midomo igandane, asiseme kabisa.

Aliyewahi kusimamia wenzake kazini atakitambua kisa hiki mara moja. Mkubwa yuko mbali. Ameweka mtu wake wa kumletea habari. Na mtu huyo, kabla hajafungua mdomo, ameshalishwa asali. Katika dini ya jadi ya Wachina mbingu yenyewe ilipangwa kama ofisi: kila mji una mungu wake mlinzi mwenye cheo, mafaili yanapanda na amri zinashuka, na mfalme wa duniani aliweza kumpandisha mungu daraja kwa hati rasmi. Watu walioishi chini ya maofisa wa serikali kwa zaidi ya miaka elfu mbili waliijua ofisi hadi uvunguni, na waliyoyajua wakayapeleka mbinguni.

Naanzia hapo kwa sababu hekima ya Kichina kuhusu uongozi hutufikia ikiwa imekatwakatwa. Sentensi moja ya Sunzi, mwandishi wa kale wa mambo ya vita, kuhusu kumjua adui, moja ya Laozi kuhusu maji, moja ya Confucius kuhusu heshima, zote zimewekwa pamoja kana kwamba zilitoka kinywani mwa mzee mmoja mpole. Wazee hawa hawakukubaliana. Waligombana vikali, vizazi kwa vizazi, na kiini cha ugomvi wao ni swali ambalo bado linamnyima usingizi kila mwenye duka, mwalimu mkuu na mkurugenzi: mtu aliye chini yako umwamini kiasi gani, na yeye atapata wapi ujasiri wa kukuambia ukweli? Ukilishika swali hilo, yale mafundisho yaliyotawanyika yanaanza kusemezana.

Karani wa ghala

Confucius alizaliwa mwaka 551 KK katika dola la Lu, mkoa wa Shandong wa leo. China ya wakati wake ilikuwa vipande vipande. Watawala walipigana, na kila aliyetaka kudumu alihitaji watu wa kumkusanyia kodi, kumhesabia nafaka na kumwongozea jeshi. Ndiyo maana wanafalsafa wa China waliandika sana kuhusu kusimamia watu: wengi wao walikuwa wakitafuta kazi serikalini, au wakiwafundisha walioitafuta. Confucius mwenyewe alianzia chini. Mengzi, aliyeishi zaidi ya karne moja baada yake, anasimulia kwamba aliwahi kutunza ghala, akasema kazi yake ni hesabu zilingane, basi. Aliwahi kusimamia malisho, akasema kazi yake ni ng'ombe na kondoo wanenepe, basi. Napenda kumkumbuka hivyo, karani mwenye daftari, kabla ya kumkumbuka kama sanamu.

Maneno yake mawili makubwa yana bahati katika Kiswahili. La kwanza ni *ren*, ambalo herufi yake imeunganisha alama ya mtu na alama ya mbili. Wazungu wamehangaika karne nyingi kulitafsiri, wengine wakasema wema, wengine huruma. Sisi tunasema utu, na tumefika karibu kuliko wao. La pili ni *junzi*. Kwa asili lilimaanisha mtoto wa mtawala, mtu wa ukoo. Confucius akaligeuza: *junzi* ni yule mwenye tabia, hata kama baba yake alikuwa mkulima. Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo. Muungwana zamani alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, mwenye asili yake mjini. Leo tukisema "huyu ni muungwana" tunasifu mwenendo wake, hatuulizi ukoo.

Kwake, kusimamia watu ni kazi ya tabia kabla ya kuwa kazi ya kanuni. Ukiwaongoza watu kwa amri na kuwanyoosha kwa adhabu, alisema, watakwepa adhabu na hawataona haya. Ukiwaongoza kwa mwenendo mwema na kuwanyoosha kwa adabu na taratibu, wataona haya na watajirekebisha wenyewe. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi ilifunga mashine ya alama za vidole ili kukomesha uchelewaji. Ndani ya mwezi mmoja watu wote walikuwa wakifika saa moja na nusu kamili, wanaweka kidole, halafu wanatoka kwenda kunywa chai hadi saa tatu. Mashine ilionyesha mahudhurio mazuri kupita miaka yote. Na lililoniuma zaidi ni kwamba ile aibu ndogo ya zamani, ya kuingia umechelewa huku wenzako wameshainama kazini, ilikuwa imekufa. Mtu alikuwa ameshalipa deni lake kwa kidole.

Mwanafunzi wake Zigong alimuuliza serikali inahitaji nini. Chakula cha kutosha, jeshi la kutosha, na imani ya watu, akajibu. Kama lazima kimoja kiachwe? Jeshi. Na katika viwili vilivyobaki? Chakula, kwa maana kifo kimekuwepo tangu zamani, lakini watu wasipokuwa na imani hakuna kinachosimama. Neno la Kichina alilotumia, *xin*, huandikwa kwa alama ya mtu pembeni mwa alama ya maneno: mtu amesimama kando ya aliyoyasema.

Mwanafunzi mwingine, Zilu, alimuuliza angeanza na lipi kama angekabidhiwa serikali. Akasema angeanza kwa kuyanyoosha majina. Zilu akaona mzee kapotea njia, akamwambia hivyo usoni. Lakini fikiria msimamizi wa mradi ambaye haruhusiwi kuidhinisha hata mfuko mmoja wa saruji, au "mshauri" ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza ushauri. Jina linasema hili, kazi inasema lile, na walio chini hawajui wamtii nani. Majina yasipokaa sawa, alisema Confucius, maneno hayaendi sawa. Maneno yasipokwenda sawa, kazi hazikamiliki.

Wengi hudhani mafundisho yake ni ya utii tu: mdogo amtii mkubwa, mke amtii mume, mfanyakazi amtii bosi. Zama za baadaye zilimtumia hivyo, na watawala walilipenda hilo. Lakini Zilu huyo huyo alipouliza namna ya kumtumikia mtawala, jibu lilikuwa fupi: usimdanganye, bali mkabili. Na siku zizi lilipoungua, Confucius aliporudi kutoka kwa mtawala aliuliza kama kuna mtu aliyeumia. Hakuuliza habari za farasi, na farasi enzi hizo walikuwa mali ya thamani kubwa.

Kofia na joho

Miaka zaidi ya mia mbili baadaye akaja mtu aliyesoma yote haya na kusema hapana. Han Fei alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme wa dola dogo la Han, mwenye kigugumizi, ndiyo maana aliandika badala ya kuhutubia. Hoja yake ni rahisi na inatisha. Watawala wenye tabia ya kuigwa huzaliwa mara chache sana; wakatili kamili nao ni wachache. Walio wengi ni wa katikati. Kwa hiyo jenga mfumo utakaofanya kazi hata mkubwa akiwa mtu wa kawaida na waliomzunguka wakiwa wanatafuta maslahi yao.

Anasimulia habari za mtawala Zhao wa Han, aliyelewa akalala. Mtunza kofia alipoona bosi wake anapigwa na baridi, alimfunika joho. Mtawala alipoamka alifurahi, akauliza nani kamfunika. Mtunza kofia, wakamwambia. Akawaadhibu wawili: mtunza joho kwa kutofanya kazi yake, na mtunza kofia kwa kuvuka mpaka wa kazi yake. Nikisikia kisa hiki nafsi yangu inakataa. Lakini kila ninapokisoma tena naona hofu iliyomo: leo anakufunika joho kwa wema, kesho anasaini hundi isiyo yake kwa wema huo huo. Han Fei alitaka kila ofisa aseme atafanya nini, kisha matokeo yalinganishwe na maneno yake. Aliyeahidi kikubwa akaleta kidogo aadhibiwe; aliyeahidi kidogo akaleta kikubwa aadhibiwe pia, kwa sababu neno na tendo havikulingana. Wanaojaza fomu za malengo ya mwaka kazini wanatembea kwenye barabara aliyoichora yeye.

Nyenzo za mkubwa, kwake, ni mbili tu: tuzo na adhabu. Asizikabidhi kwa mwingine, na asionyeshe anachokipenda. Alikuwa na mfano wa mtawala Ling wa Chu, aliyependa viuno vyembamba. Nchini mwake wengi wakashinda na njaa. Mkubwa akishaonyesha anapenda takwimu fulani, ataletewa takwimu hiyo, hata kama nyumba nyuma yake inaungua. Hiyo ndiyo asali ya mungu wa jiko, na hakuna aliyeieleza kwa ukali kama Han Fei.

Dola la Qin ndilo lililofuata njia hiyo hadi mwisho, na lilikuwa limeanza kabla yake. Waziri wake Shang Yang, katika karne ya 4 KK, alikuwa na sheria mpya mkononi lakini alijua hakuna atakayeziamini. Akasimamisha gogo kwenye lango la kusini la soko na kutangaza vipande 10 vya dhahabu kwa atakayelihamishia lango la kaskazini. Watu wakatazama tu. Akapandisha hadi 50. Mtu mmoja akalibeba, akalipwa palepale. Baada ya hapo ndipo sheria zikatangazwa. Hata huyu, mtu wa adhabu, alianza kwa kuijenga imani, na sijui somo la uongozi lililo wazi kuliko hilo gogo. Mwaka 338 KK upepo ulimgeukia akakimbia, akafika kwenye nyumba ya wageni, mwenye nyumba akamkataa: sheria ya Bwana Shang hairuhusu kulaza mgeni asiye na hati.

Qin iliziunganisha dola zote mwaka 221 KK. Mwaka 206 KK ilikuwa imekwisha. Mwanahistoria Sima Qian anaeleza cheche ya kwanza: mwaka 209 KK watu 900 walikuwa wakipelekwa kulinda mpaka, mvua ikakata barabara, wakajua hawatafika kwa wakati. Adhabu ya kuchelewa ni kifo, wakaambiana viongozi wao Chen Sheng na Wu Guang; adhabu ya kuasi ni kifo; basi kuna hasara gani?

Mwaka 1975, huko Shuihudi mkoani Hubei, kaburi la ofisa wa Qin lilifukuliwa likiwa na vipande vya mianzi zaidi ya 1,100 vyenye sheria za dola lile. Kuhusu watu waliochelewa kwenye kazi za umma, sheria inasema: siku tatu hadi tano, karipio, siku sita hadi kumi, faini ya ngao moja, zaidi ya hapo, faini ya deraya moja. Mvua ikizuia, wanasamehewa. Sheria hiyo ni ya vibarua wa serikali, si ya askari wa mpakani, kwa hiyo wanahistoria wanaendelea kubishana. Mimi nalichukua hivi: huenda sheria ilikuwa na huruma kuliko tunavyosimuliwa, lakini wale 900 waliokaa kwenye matope walikuwa wamefundishwa na miaka ya vitisho kutarajia kifo. Mkubwa anaweza kuwa na kanuni ya haki kabatini na bado watu wake wakaamua kwa hofu waliyonayo moyoni.

Samaki wadogo

Kitabu kinachohusishwa na Laozi, *Daodejing*, kina sura 81 na herufi zipatazo 5,000. Vipande vya mianzi vilivyopatikana Guodian mwaka 1993, vya karibu mwaka 300 KK, vinaonyesha kwamba sehemu zake zilikuwa zikisomwa tayari wakati ugomvi huu umepamba moto. Sura ya 60 inaanza kwa kusema kutawala nchi kubwa ni kama kupika samaki wadogo. Mpishi yeyote wa dagaa wabichi anaelewa: ukiwageuzageuza, utaishia na uji. Mkubwa anayebadilisha muundo wa idara kila robo mwaka anageuza dagaa.

Sura ya 17 inawapanga watawala kwa madaraja. Wa juu kabisa ni yule ambaye watu wanajua tu kwamba yupo. Anafuata anayependwa na kusifiwa. Kisha anayeogopwa. Wa mwisho ni anayedharauliwa. Confucius angemweka anayependwa juu, Han Fei angemridhia anayeogopwa. Laozi anamweka juu ya wote yule ambaye kazi ikikamilika watu husema tumeifanya wenyewe. Neno lake la msingi, *wuwei*, mara nyingi hutafsiriwa kutotenda, na hapo wengi hupotea. Maana yake iko karibu zaidi na kutenda bila kulazimisha. Zhuangzi, mwanafalsafa aliyefuata njia ya Laozi, ana kisa cha mpishi Ding, ambaye kisu chake kilikuwa na miaka 19 na makali yake kama kimetoka kwenye jiwe la kunolea sasa hivi. Mpishi wa kawaida hubadilisha kisu kila mwezi kwa sababu anakata mifupa. Ding hupitisha kisu mahali ambapo ng'ombe mwenyewe ana nafasi. Kutotenda kwake kulitanguliwa na miaka ya kumsoma ng'ombe.

Mengzi, mfuasi wa Confucius, ana ndugu wa kisa hicho. Mkulima wa dola la Song aliona miche yake haikui haraka, akaivuta mmoja mmoja juu. Akarudi nyumbani amechoka, akasema leo nimeisaidia miche kukua. Mwanawe akakimbia shambani, akaikuta imenyauka. Ninapoona kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita ameshapelekewa mkeka wa malengo asiyoweza kuyafikia, ninamwona yule mkulima.

Kuna jambo moja linalosahaulika na wanaompenda Laozi kwa upole wake. Miongoni mwa fafanuzi za kale kabisa zilizobaki za kitabu chake ni sura mbili ndani ya kitabu cha Han Fei. Yule mtu wa tuzo na adhabu alimpenda Laozi! Aliona kwamba mfumo ukikaa vizuri, mkubwa anaweza kunyamaza na kutulia gizani huku wengine wakijichosha. Kwa hiyo kiongozi asiyeonekana anaweza kuwa mnyenyekevu aliyewapisha wenzake, na anaweza pia kuwa buibui katikati ya utando. Kipimo kiko katika sura ya 78: anayebeba uchafu wa nchi ndiye bwana wake wa kweli. Wazee wetu walisema mkubwa ni jalala. Asiyeonekana siku ya sifa lakini akaonekana siku ya lawama, huyo ndiye wa Laozi.

Kioo cha mfalme

Nasaba zilizofuata hazikuchagua upande mmoja. Wachina wana usemi kuhusu serikali zao za kale: Confucius kwa nje, Han Fei kwa ndani. Mitihani ya kuingia serikalini, iliyodumu takriban miaka 1,300 hadi ilipofutwa mwaka 1905, ndiyo picha yake bora. Watahiniwa walikariri mafundisho ya utu na adabu. Lakini kufikia enzi ya nasaba ya Song majina yao yalifunikwa, na karatasi zao zikanakiliwa upya na makarani ili msahihishaji asitambue hata mwandiko. Somo la Confucius, chumba cha mtihani cha Han Fei. Ukitaka watu waaminiane, ondoa kwanza mianya inayowafanya washukiane. Hilo nadhani ndilo jambo kubwa kuliko yote ambalo serikali ya China ya kale iliwahi kulifahamu.

Kwa upande wa ukweli kupanda juu, waliunda ofisi ya maofisa wa kukosoa, ambao kazi yao halali ilikuwa kuwashtaki wakubwa na hata kumwonya mfalme. Aliye maarufu kuliko wote kwa kuonya ni Wei Zheng. Alikuwa mshauri wa mwana mkubwa wa mfalme, na alimshauri amwahi mdogo wake kabla mdogo hajamwahi yeye. Mdogo akawahi: mwaka 626 aliwaua ndugu zake langoni mwa kasri, akatawala kwa jina la Taizong wa nasaba ya Tang. Alimwita Wei Zheng, akamuuliza kwa nini aliwagombanisha ndugu. Wei Zheng akajibu kwamba marehemu angelisikia ushauri wake, yasingempata yaliyompata. Taizong akamwajiri.

Kwa miaka kumi na saba mtu huyu alimpinga mfalme mbele ya baraza. Wanasimulia kwamba siku moja Taizong alikuwa akicheza na kipanga mzuri, akamwona Wei Zheng anakuja, akamficha ndege ndani ya joho kwa aibu. Wei Zheng akarefusha taarifa yake makusudi hadi ndege akafa. Alipofariki mwaka 643, Taizong alisema kioo cha shaba humsaidia mtu kunyoosha mavazi, historia ikiwa kioo huonyesha dola zinavyoinuka na kuanguka, na mtu akiwa kioo hukuonyesha ulipopatia na ulipokosea. Leo, akasema, nimepoteza kioo kimoja. Hapo ndipo wasimuliaji wengi hukomea, na mimi siwezi kukomea hapo. Muda si mrefu baadaye mfalme huyo huyo, kwa shaka na hasira, aliamuru jiwe la kumbukumbu la Wei Zheng liangushwe. Kisha akaenda vitani Korea, akashindwa kupata alichokitaka, akasema laiti Wei Zheng angekuwa hai asingeniacha nije huku. Jiwe likasimamishwa tena.

Ubuddha, uliofika China karibu na karne ya 1 BK, uliingia katika ugomvi huu kwa mlango wa nyuma. Baizhang Huaihai, mtawa wa madhehebu ya Chan aliyefariki mwaka 814, anakumbukwa kwa kuwataka watawa walime wenyewe badala ya kuishi kwa sadaka tu. Alipozeeka, wanafunzi wakamwonea huruma wakaficha jembe lake. Mzee hakugombana nao. Alikataa kula. Siku bila kazi, siku bila chakula, alisema, na jembe likarudishwa.

Nyundo ya Qingdao

Wageni walioitazama China kutoka mbali walibadilika mawazo kadiri mali ilivyohama. Mwanasosholojia Mjerumani Max Weber, mwaka 1915, aliona mafundisho ya Confucius kuwa sehemu ya sababu iliyoizuia China kujenga ubepari. Miaka ya 1980, Asia Mashariki ilipotajirika, mafundisho yale yale yakawa sababu ya utajiri. Mgogoro wa fedha wa mwaka 1997 ulipopiga, yakalaumiwa kwa upendeleo wa jamaa na marafiki. Kinachoeleza kila kitu hakielezi kitu, kwa hiyo naona afadhali kumtazama mtu mmoja na kazi yake.

Japani walikuwa na Shibusawa Eiichi, aliyesaidia kuanzisha kampuni na taasisi zipatazo 500, na mwaka 1916 kikatoka kitabu chake kilichoweka mafundisho ya Confucius upande mmoja na ubao wa kuhesabia upande wa pili. Tangu 2024 sura yake iko kwenye noti ya yen 10,000. China wana Zhang Ruimin. Mwaka 1984 alikabidhiwa kiwanda cha majokofu kilichokuwa kinakufa mjini Qingdao. Mwaka 1985, baada ya mteja kulalamika, alikagua ghala akakuta majokofu 76 yenye kasoro. Akayapanga sakafuni, akawaita wafanyakazi, nayo yakavunjwa kwa nyundo mbele ya macho yao. Kiwanda hicho ndicho Haier, ambayo mwaka 2016 ilinunua kitengo cha vifaa vya nyumbani cha General Electric cha Marekani kwa zaidi ya dola bilioni 5.

Zhang humnukuu Laozi mara kwa mara, hasa kile cheo cha juu cha kiongozi ambaye watu wanajua tu kwamba yupo. Kuanzia 2005 aliigawa kampuni katika vikundi vidogo vinavyojiamulia kuajiri, kupanga na kugawana mapato, akaondoa maelfu ya mameneja wa kati. Wanaomsifu huona mkono wa Laozi. Mimi naona na mkono wa Han Fei umeshika pembeni: kila kikundi kinalipwa kwa kile mteja anachokinunua, na kisipoleta kinavunjwa. Na ile nyundo ya mwanzo haikuwa ya Laozi hata kidogo. Ilikuwa gogo la Shang Yang kwenye lango la soko, tendo moja la gharama kubwa ili neno la mkubwa liaminike.

Kuna sehemu ya urithi huu inayoumiza, na wanaofanya kazi chini ya kampuni za Kichina, nyumbani kwetu au kwingineko, huenda wameionja. Mwaka 1947 mwanasosholojia Fei Xiaotong aliifananisha jamii ya Kichina na mawimbi ya maji jiwe linapotupwa: kila mtu yuko katikati ya duara zake, na wajibu wake hupungua kadiri duara linavyopanuka. Ndugu, kisha jamaa, kisha wa kijijini, kisha rafiki wa rafiki. *Guanxi*, mtandao wa kufahamiana na kulipana fadhila, huzaliwa hapo. Aliye ndani ya duara husamehewa kosa lolote, aliye nje hudaiwa kanuni yote. Mengzi aliliona tatizo la namna hiyo mapema, akasema mtawala akiwaona watumishi wake kama udongo na majani, wao watamwona kama adui.

Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme Yongle wa nasaba ya Ming. Wachina walimfananisha na *qilin*, mnyama wa hadithi anayejitokeza tu pale mtawala anapokuwa mwema kweli, na maofisa wakamwinamia mfalme kumpongeza. Asali tupu. Kumbukumbu za Ming zimehifadhi jibu lake: sifa ziende kwa baba yangu aliyetangulia na kwa msaada wenu mawaziri, kuanzia sasa nami nizidi kushikamana na wema, nanyi ni wajibu wenu kunionya ninapokosea.

Maneno hayo yangempendeza Confucius. Lakini kila aliyekuwa amesimama pale alikumbuka mwaka 1402, Yongle alipomnyang'anya kiti mpwa wake na kumtaka msomi Fang Xiaoru aandike tangazo la kutawazwa. Fang alikataa, akamwambia usoni kwamba ni mnyang'anyi. Aliuawa, na jamaa zake wakauawa pamoja naye. Maofisa walimsikiliza mfalme akiwaomba wamkosoe, wakainama tena, wakaendelea kumtazama twiga.